Nani Alimfundisha Yesu Kusoma?

Dominika ya Tatu ya Kipindi cha Kawaida, Mwaka C
(Neh 8:2-6, 8-10, 1 Kor 12:12-30, Lk 1:1-4, 4:14-21)



Wapendwa wasikilizaji, na hasa ninyi makatekista ambao asubuhi hii mmeiweka redio juu ya meza huku mkitafuta ukurasa wa masomo ya leo kabla ya kwenda kuongoza ibada vigangoni, karibuni tutafakari pamoja.

Mwinjili Luka anatuonyesha Yesu akiwa Nazareti, mahali alipolelewa. Ni siku ya sabato. Anaingia katika sinagogi kama alivyozoea, anasimama mbele ya watu, anakabidhiwa gombo la nabii Isaya, analikunjua na kuupata mstari anaoutaka. Mahubiri mengi ya Dominika ya leo huyakimbilia maneno aliyoyasoma, yaani habari njema kwa maskini, na ndivyo ilivyo haki. Lakini leo tuombe ruhusa ya kusimama hatua moja nyuma ya maneno hayo. Yesu alisoma. Alilichukua gombo refu lisilokuwa na namba za sura wala za mistari, akajua pa kuanzia na pa kuishia, akasoma kwa sauti, na watu wote wakamkazia macho.

Nani alimfundisha?

Luka hasemi. Huenda alikuwa Yosefu. Huenda alikuwa mtumishi wa sinagogi, kama yule aliyerudishiwa gombo siku hiyo. Huenda alikuwa kijana wa jirani aliyemzidi miaka michache. Jina lake halikuandikwa popote. Tunalojua ni kwamba Mwana wa Mungu alikuwa mtu kweli, na Luka huyo huyo amekwisha kutuambia katika sura ya pili kwamba aliendelea kukua katika hekima. Akuaye hufundishwa. Basi palikuwa na mtu fulani Nazareti, kijiji kidogo kilichodharauliwa na majirani zake, aliyeketi kando ya mtoto wa seremala akamwonyesha kwa kidole herufi moja baada ya nyingine, kutoka kuume kwenda kushoto kama Waebrania wasomavyo, akimsahihisha pale alipochanganya herufi zinazofanana. Mtu huyo hakujua anamfundisha nani.

Somo la kwanza, kutoka kitabu cha Nehemia, linatusaidia kuona zaidi. Watu wamerudi kutoka uhamishoni Babeli. Wamekusanyika uwanjani, wanaume, wanawake na wote wenye umri wa kuelewa. Kuhani Ezra anasimama juu ya jukwaa la mbao na kuwasomea Torati tangu alfajiri hadi adhuhuri. Hesabuni saa hizo, ndugu zangu. Sisi tukizidisha dakika kumi katika mahubiri watu huanza kutazama saa. Lakini Ezra hakuwa peke yake. Katika aya ambayo kwa bahati mbaya imerukwa katika somo la leo, aya ya saba, yametajwa majina ya wasaidizi, na pamoja nao Walawi, ambao kazi yao ilikuwa kuwaelewesha watu sheria hiyo, watu wakiwa wamesimama mahali pao. Ezra alikuwa juu, nao walikuwa chini pamoja na watu. Na watu wakalia, kwa sababu walielewa kilichosomwa.

Wapendwa, tuliangalie jukwaa la Ezra kwa macho ya mkoa wa Shinyanga na mkoa wa Geita. Mwezi huu wa Januari shule zimefunguliwa. Tangu Serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima, mpango ulioanza kutekelezwa Januari 2016, watoto wamejaa madarasani, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Ila tumwangalie pia mwalimu. Katika shule nyingi za huku, hasa zile zilizo karibu na machimbo ambako watu huhamia kwa wingi ndani ya muda mfupi, si ajabu mwalimu mmoja wa darasa la kwanza au la pili kuwa na watoto mia moja mbele yake, na huwa wengine wameketi sakafuni. Tufanye hesabu ndogo. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa kwa watoto 100, kila mtoto anapata sekunde 24. Katika sekunde 24 mwalimu hawezi hata kumsikiliza mtoto akisoma sentensi mbili. Tusimlaumu mwalimu huyo. Yeye ni Ezra, yuko juu ya jukwaa na anasoma kwa sauti kubwa tangu asubuhi. Wanaokosekana ni Walawi.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2010 taasisi ya Uwezo ilianza kuwapima watoto wa Tanzania nyumbani kwao. Wajitoleaji walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi yenye silabi, maneno, aya fupi na hadithi ndogo ya kiwango cha darasa la pili. Katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama 3 tu walioweza kuisoma hadithi ile ya Kiswahili. Baada ya hapo Serikali iliubadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili ili uzito wote uwekwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, tunazoziita KKK, na yapo mema yaliyopatikana. Lakini nani kati yenu, makatekista, hajakutana na mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, aliye darasa la tano, ambaye akipewa katekisimu anaitazama kama mtu atazamaye ukuta? Mtoto huyo ana akili. Sala zote anazijua kwa moyo. Mwulizeni idadi ya ng'ombe wa baba yake na rangi ya kila mmoja, atawajibu bila kusita.

Kuna jambo moja katika lugha yetu linalotufurahisha. Katika Kiswahili cha zamani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, ndiyo maana Biblia za zamani zilisema kwamba Yesu alipewa chuo cha Isaya. Leo chuo ni mahali wanapokwenda wana wetu baada ya sekondari: Chuo cha Ualimu Shinyanga, Butimba, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe Mwanza, au mbali zaidi, Dodoma na Dar es Salaam. Na kila mwaka vyuo vifungapo, vijana hao hurudi nyumbani Kahama, Geita, Katoro, Nyarugusu, Msalala, Kishapu. Tunawapokea kwa furaha, tunachinja kuku. Halafu hukaa. Wengine husaidia shamba au duka, wengine huhangaika na simu mchana kutwa. Na nyumba ya pili kutoka hapo yumo mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma jina la kijiji chake kwenye kibao cha barabarani. Aliyepewa chuo na asiyejua kukifungua wanaishi kitongoji kimoja, na Jumapili huketi kwenye benchi moja kanisani.

Tunalosema leo ni kwamba hawa wawili wakutanishwe.

Wazo hili si geni, tena katika kanda hii ni la kwetu kabisa. Mapadre Weupe walipofika Bukumbi, kusini mwa Ziwa, mwaka 1883, na katika miaka iliyofuata, kusoma na kusali vilikwenda pamoja. Kule Buganda waongofu wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Katekista wa wakati ule alikuwa mwalimu wa herufi. Ubao wake ulikuwa mdogo, wanafunzi wake waliketi chini ya mti, na mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa ameanza kusoma miaka michache tu kabla yao.

Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, alipotoka Makerere akafundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, tangu mwaka 1946, alitumia saa zake za mapumziko kuwafundisha Kiingereza watu wazima wa pale bila malipo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakuna aliyemtuma. Kisha alipokuwa Rais aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu wanakumbuka yaliyofuata. Lakini hata kabla ya tangazo hilo, tangu 1968, mradi wa majaribio uliosaidiwa na Unesco ulikuwa umeanza Mwanza, ukihudumia mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza. Vitabu vyake vya kusomea havikuanza na mambo ya mbali. Mkulima alijifunza herufi kwa habari za pamba na mvuvi kwa habari za uvuvi, kwa kuwa mtu hupenda kusoma analolijua. Walimu wengi walikuwa wa kujitolea: makarani, wakulima waliomaliza darasa la saba, wanafunzi. Posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Agosti 1975 watu zaidi ya milioni 5 nchini walifanya mtihani wa kusoma na kuandika. Wasiojua kusoma, waliokuwa theluthi mbili ya watu wazima wakati Azimio la Arusha linatangazwa, walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na kufikia 1986 walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10. Hapa Mwanza likatolewa hata gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililoanza mwaka 1974, ili waliojifunza wasikose cha kusoma wakasahau.

Tusiyataje haya kwa kujisifu tu. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wanaojua kusoma na kuandika ni takriban 78 katika kila watu 100 wenye miaka 15 na zaidi. Yaani kizazi kimoja kiliupanda mlima hadi karibu na kilele, na kizazi kilichofuata kikateremka. Kusoma hakurithiwi kama ng'ombe. Bibi aliyefundishwa mwaka 1973 chini ya mwembe na kijana wa kujitolea hakumrithisha mjukuu wake herufi hata moja. Mjukuu huyo naye anahitaji mtu wa kuketi naye.

Kwa nini tunasisitiza kuketi naye? Turudi kwenye hesabu yetu. Mwanafunzi mmoja wa chuo akiwachukua watoto watano kwa saa moja, kila mtoto anapata dakika 12 za kusikilizwa. Ili mtoto yule apate dakika 12 katika darasa la watoto 100, atahitaji vipindi 30. Saa moja ya Jumamosi, wapendwa, yamfaa mtoto huyo kama wiki kadhaa za kushindana na kelele za wenzake.

Lakini hapa hatuna budi kuingia katika mambo madogo ya kazi yenyewe, kwa maana nia njema pekee hupoteza wakati. Mkianza, msiwapange watoto kwa umri wala kwa darasa. Wapangeni kwa pale walipokwama: wasiojua silabi pamoja, wanaojua silabi lakini si maneno pamoja, wanaosoma maneno bila kushika maana pamoja. Shirika la Pratham, lililoanza katika mitaa ya maskini ya Mumbai nchini India mwaka 1995, liliwatumia vijana wa mitaa hiyo hiyo na kuwapanga watoto namna hii, na jambo hilo limeigwa katika nchi nyingi. Kwa kijana wa darasa la sita ni aibu kuketi na wa darasa la pili, hivyo mpeni kazi ya kuwagawia wadogo chaki, apate sababu ya kuwapo.

Angalieni pia hila ya mtoto anayekariri. Watoto wetu wana masikio mazuri. Ukurasa mzima wataimba bila kusoma neno. Mtoto akimaliza kuusoma ukurasa vizuri mno, mfunikie picha, kisha mwonyeshe neno moja katikati, na jingine chini, na jingine juu. Hapo ndipo mtakapojua. Msimkemee akishindwa, maana alikuwa akijificha, na mahali pa kujificha pameondolewa ghafla.

Na lugha. Watoto wengi wa vijiji vyetu huja shuleni wakiwa na Kisukuma tu. Katika miaka ya karibuni, katika mikoa kadhaa, Shinyanga ikiwamo, mpango wa EQUIP-Tanzania uliwatumia wasaidizi waliochaguliwa na vijiji vyenyewe ili wawaandae kwa hadithi na michezo watoto ambao hawakupata darasa la awali, na faida yake kubwa ilikuwa kwamba msaidizi aliijua lugha ya mtoto. Kijana wetu wa chuo aliyezaliwa huku ana faida hiyo hiyo bila gharama. Aanze na mwangaluka, si na ubao. Aeleze kwa Kisukuma hadithi inahusu nini, halafu waisome kwa Kiswahili. Na mtoto akisoma kura akaitamka kula, kwa kuwa Kisukuma hakina sauti ile, asichekwe. Macho yake yamesoma sawasawa, ulimi utafuata. Kinyume chake, ile ng' inayowasumbua watoto wa mikoa mingine, wetu wameizoea tangu tumboni, kwa sababu imo katika neno ng'wana. Wanachohitaji ni kuonyeshwa tu kile kialama kinachoandikwa juu. Jambo dogo kama hilo humpa mtoto siku yake ya kwanza ya kujua kitu kabla ya mwalimu kumwambia.

Tumefika sasa kwenye lililo zito.

Wapendwa, ukanda wa dhahabu una watoto wake wa pekee. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata, wengi walio nje ya kanda hii hudhani dhahabu yetu yote hutoka kwa mitambo. Sisi tunajua kwamba maelfu ya watu wanaishi kwa duara, kwa karasha, kwa viroba vya mawe na kwa marudio yaliyooshwa mara ya pili na ya tatu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Iliwataja watoto hata wa miaka 8 wakichimba, wakiponda mawe na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto, na viongozi wamejitahidi kuwaondoa. Hata hivyo asubuhi ya leo wapo watakaosikia kengele ya kanisa wakiwa kwenye mwalo.

Mara nyingi mtoto huanza hivi. Yuko darasa la tatu, hasomi, kila siku anaitwa mbele na kila siku anaaibika. Jumamosi anaenda machimboni kuokota mawe, anapata fedha ya kununua andazi na kubaki na chenji. Pale machimboni hakuna anayemwuliza herufi. Anajiona ni mtu. Jumatatu inayofuata hatarudi shuleni. Wazazi hawakumfukuza, na wala umaskini haukuwa sababu pekee: aliikimbia aibu. Ndiyo maana tunathubutu kusema kwamba kijana wa chuo anayemfundisha mtoto kusoma katika kijiji cha machimbo anamtoa shimoni kabla hajaingia.

Wapo wazazi wanaouliza: kusoma kutamfaa nini mtoto ambaye mwisho wake ni kuchimba? Tuwajibu kwa heshima, kwa maana swali lao si la kijinga. Wamewaona waliosoma wakirudi bila kazi. Lakini tangu Machi 2019 Geita ina soko la dhahabu ambapo uzito hupimwa na stakabadhi huandikwa. Asiyejua kusoma hukabidhiwa karatasi akaikunja mfukoni. Ujumbe wa fedha kwenye simu husomewa na jirani, pamoja na namba ya siri. Onyo kwenye chupa ya zebaki halimwonyi mtu asiyelisoma. Hata mwenye kuchimba, basi, achimbe akijua anachotia sahihi.

Sasa neno kwa ninyi wanafunzi wa vyuo, na tunalisema kwa upendo. Watoto wa machimbo wamezoea kuachwa. Baba husikia kwamba dhahabu imeonekana mahali fulani, huifuata rashi, na hurudi baada ya mwaka au harudi. Mama lishe aliyekuwa akimpa uji amehama. Rafiki wa benchi amehama. Kijana akija siku moja na kalamu, pipi na kamera, akapiga picha na watoto wanaocheka na kuondoka, atakuwa amewaongezea mtu mmoja zaidi katika orodha ya walioondoka. Afadhali asije. Tukisema Jumamosi saa tatu, mtoto atakuwapo saa mbili, pengine amemtoroka mtu aliyetaka kumpeleka mwaloni. Asipomkuta mwalimu wake, atakwenda huko huko, na safari ya pili hatamwamini mtu yeyote anayetoka chuoni. Kwa hiyo ahidini kidogo. Jumamosi sita tu, lakini zote sita. Mvua ikinyesha, fikeni mmelowa.

Mtakatifu Yohane Bosko, alipokuwa mwanafunzi maskini huko Chieri, alilipia sehemu ya malazi yake kwa kumfundisha mtoto wa mama mwenye nyumba. Si sadaka kubwa, mtu atasema, maana alipata mahali pa kulala. Lakini palikuwa pale pale, jioni kwa jioni, na mtoto yule alibadilika. Hatuoni ubaya mwanafunzi naye akipata kitu katika kazi hii: uzoefu kwa anayesomea ualimu, uvumilivu kwa asiyesomea. Anayesomea uhasibu naye anakaribishwa, kwani kuhesabu kumo katika KKK.

Yako mambo matatu manne ambayo mapadre na makatekista lazima myasimamie. Kazi hii ifanyike mahali pa wazi, kanisani milango ikiwa wazi au chini ya mti, na wafundishaji wasiwe chini ya wawili. Mtoto asiitwe peke yake chumbani kwa mtu, hata huyo mtu awe mtoto wa mwenyekiti wa kigango. Mwalimu mkuu wa shule apewe taarifa mapema, aone kwamba mmekuja kumsaidia na si kumpeleleza. Wala wajitoleaji wasigeuzwe kisingizio cha kutoajiri walimu: nchi ina vijana wengi waliohitimu ualimu wakisubiri ajira, na hakuna Jumamosi sita zinazoweza kuchukua nafasi ya mwalimu anayelipwa mshahara wake. Na watoto wote wakaribishwe. Mtoto wa jirani Mwislamu, mtoto wa AIC, mtoto wa mganga, asiulizwe cheti cha ubatizo ili apate silabi. Mtakatifu Yosefu wa Calasanz alipofungua shule yake ya bure katika mtaa maskini wa Roma mwaka 1597, alipokea hata watoto wa Kiyahudi, wakati ambapo jambo hilo liliwashangaza wengi.

Mtume Paulo, katika somo la pili, anawaorodhesha walimu miongoni mwa viungo vya mwili wa Kristo, nao kawaweka katika nafasi ya tatu, baada ya mitume na manabii na mbele ya watenda miujiza. Tumwachie mwenyewe mpangilio wake. Ila tunaona kwamba hakusema mwalimu ni yule mwenye cheti.

Basi wiki hii, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, katika mkutano wenu waandikeni watoto walio darasa la tatu na kuendelea ambao hawajui kusoma. Wazazi wasione haya. Fanyeni nyumba kwa nyumba, si mbele ya wote. Vijana wa TMCS mlioko vyuoni Mwanza na Shinyanga, msingoje likizo ya katikati ya mwaka ikiwa kigango kipo karibu nanyi. Kwa wengine, likizo hiyo inatosha. WAWATA wanajua kupika uji, na mtoto mwenye njaa hashiki herufi. Katekista, wewe ndiwe mwenye ufunguo wa kanisa na ubao.

Nunueni pia daftari moja kubwa. Kila mtoto apewe ukurasa wake: jina lake, tarehe aliyoanza, mahali alipokuwa amekwama, mahali alipofikia kila Jumamosi. Ndiyo namna pekee ya kumfanya mwanafunzi aondoke bila kumwacha mtoto, kwa sababu atakayempokea, awe kijana wa kidato cha nne anayengoja matokeo au wewe mwenyewe katekista, ataanzia pale pale na si mwanzo tena. Mtoto akifika mahali pa kusoma aya nzima, yeye mwenyewe aandike jina lake chini ya ukurasa huo kwa mkono wake. Daftari hilo litunzwe sakristia, kabati lile lile la kitabu cha ubatizo.

Tumsifu Yesu Kristo.